Wiki mbili za kungoja hema: uchambuzi wa kisa cha kikundi kimoja katika mbio za hisani za saratani ya matiti, Nairobi

Kabla ya kuanza

Nilikuwa mweka hazina wa kikundi ninachokieleza hapa, kwa hiyo nina daftari la pesa na la tarehe, na sina haki ya kujifanya mtazamaji wa mbali. Majina ya watu, mtaa, hospitali na waandaaji wa mbio nimeyaondoa. Wahusika wawili wakuu nitawaita kwa kazi zao, Mwalimu na Fundi. Wote wawili wamekisoma kisa chote. Fundi aliomba jambo moja litolewe, nami nimelitoa.

Usuli

Sisi ni chama cha wanawake kumi na wanne katika mtaa mmoja wa Eastlands. Tunachanga kila mwezi, tunapeana kwa zamu, tunazikana, tunaozeshana. Hatukuwa wakimbiaji. Mkubwa wetu alikuwa na miaka 58 na hakuwa amekimbia tangu shule ya msingi, isipokuwa kufukuzia matatu.

Wazo lililetwa na Mwalimu. Miaka mitano kabla ya hapo alikuwa ametibiwa saratani ya titi la kulia: upasuaji, tezi za kwapani zikatolewa, kemo, kisha vidonge vya kila siku. Alisema amechoka kualikwa kila Oktoba kusimama mbele ya watu na kupigiwa makofi kwa kuwa bado yuko hai. Safari hii alitaka kufanya kitu kwa miguu yake, na alitaka tuwe naye.

Tukajiandikisha, kumi kwa kilomita 5 na wanne kwa kilomita 10. Ada ilikuwa shilingi 1,500 kwa mtu, fulana ya waridi ikiwemo, yaani 21,000 kwa wote. Kila mmoja akapewa kadi ya mchango apeleke kazini, kanisani, msikitini, kwa majirani. Kwenye kadi mimi mwenyewe niliandika: "Tunakimbia ili kuwasaidia wanawake wenye saratani ya matiti." Sentensi hiyo tutairudia. Tulilenga shilingi 50,000, tukapata 68,400.

Mazoezi

Tulifanya mazoezi Jumamosi nane. Sita zilikuwa katika uwanja wa shule ya msingi ya mtaani: dakika mbili kutembea, moja kukimbia, halafu tukageuza, mbili kukimbia na moja kutembea. Jumamosi mbili tulikwenda msitu wa Karura. Kutoka Eastlands hiyo ni safari ya matatu mbili, na nusu siku imekwisha, lakini tulitaka vilima, na tulitaka kukimbia mahali ambapo hakuna bodaboda ya kukupigia honi mgongoni. Msitu ule una zaidi ya hekta 1,000 katikati ya jiji, na upo mpaka leo kwa sababu mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake waliingia kupanda miti mahali ambapo wengine walitaka kugawana viwanja, akapigwa hadi akatoka damu kichwani. Mwalimu hufundisha habari hiyo darasani, kwa hiyo tulifundishwa na sisi, tukiwa tunahema.

Maandalizi ya Mwalimu yalikuwa ya makini kuliko yetu sote, na yafaa yaelezwe kwa yeyote aliyetibiwa anayetaka kukimbia. Kwanza alirudi kwa daktari wake. Kati ya dawa za kemo alizopewa ilikuwamo ile nyekundu ambayo wagonjwa wote huikumbuka kwa rangi yake, na dawa hiyo yaweza kudhoofisha moyo hata miaka baadaye. Akapimwa moyo kwa ultrasaundi, akaruhusiwa. Pili, mkono wake wa kulia. Tezi za kwapani zikitolewa, maji ya mwili hukosa njia ya kupita vizuri na mkono huweza kuvimba. Zamani wagonjwa waliambiwa wasinyanyue chochote. Ushauri wa siku hizi ni kwamba mazoezi hayadhuru mradi yaongezwe kidogo kidogo, mkono ukiangaliwa. Alivaa soksi ya kubana ya mkono, chupa ya maji akashika kwa mkono wa kushoto, na kila Jumapili alijipima kwa ule utepe wa fundi wa kushona, sentimita kwa sentimita, akaandika.

Utepe huo ulikuwa wa Fundi.

Sote tulikuwa tunamtazama Mwalimu. Akikohoa, watu watatu wanasimama. Hakuna aliyekuwa anamtazama mwingine yeyote.

Jumamosi ya sita

Ilikuwa mara yetu ya kwanza Karura, kwenye njia inayoteremka kwenda maporomoko. Fundi, mwenye umri wa miaka 43, alikuwa akikimbia ubavuni mwa Mwalimu. Alisema, bila kugeuza uso, kwamba titi lake la kushoto lina kitu. Alikihisi Mei, alipokuwa akijipima gauni lake mwenyewe. "Hakiumi, Mwalimu, kwa hiyo nikaona si kitu."

Mwalimu anasimulia kwamba alitaka kusimama palepale, akahisi kwamba wakisimama na kutazamana, mazungumzo yatakwisha. Wakaendelea kukimbia. Alimwambia mambo mawili ambayo ni kweli yote mawili: uvimbe mwingi wa matiti si saratani, na uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, kwa hiyo kutouma si habari njema wala mbaya. Fundi akaeleza hofu zake. Mume yuko bara na hajui. Akienda hospitali watamkata. Na Novemba na Desemba ndiyo miezi ya sare za shule, ndiyo miezi inayomlipia kodi ya nyumba.

Siku ya mbio ilikuwa wiki mbili mbele, na tangazo lilisema kutakuwa na hema la kupimwa matiti bure. Basi wakaamua wangoje hema.

Uamuzi huo ulikuwa na sababu, na sitaki kuuchekea kwa kuwa sasa najua mwisho wake. Lilikuwa bure. Wauguzi wangekuwapo. Fundi asingelazimika kufunga kibanda siku ya kazi. Zaidi ya yote, alikuwa amekubali kupimwa, na Mwalimu aliogopa kwamba akimsukuma siku hiyo hata hilo atalikataa. Mimi niliambiwa siku tatu baadaye, nikasema vizuri, hema lipo.

Siku ya mbio

Tulikodi matatu kwa 7,000, tukatoka mtaani saa kumi na moja alfajiri, siku ya Jumapili. Uwanja ulikuwa kando ya Lang'ata Road. Muziki, vipaza sauti, waridi kila mahali hadi kwenye nywele za watoto. Mwalimu alimaliza kilomita 10 kwa saa moja na dakika ishirini na moja, mkono haukuvimba, tukalia kama tuliofiwa. Wote kumi na wanne tulimaliza. Ile siku ilikuwa nzuri na sitaruhusu sehemu nyingine ya kisa hiki iiharibu.

Hema lilikuwa na wauguzi wawili na foleni ya watu kama sitini. Mlango wake ulitazama jukwaa la muziki, na kila pazia lilipofunuliwa waliokuwa nje waliona ndani. Wanawake kadhaa walitoka kwenye foleni. Fundi alisimama karibu saa moja na nusu, na alipoingia alikaa ndani dakika tatu au nne. Muuguzi alikuwa mpole, aliushika uvimbe mara moja, akamtazama, akaandika kwenye kijikaratasi: "Aende hospitali kwa uchunguzi zaidi."

Kijikaratasi hakikuwa na jina la hospitali wala nambari ya simu. Hakuna aliyeandika jina la Fundi popote. Tulipokuwa tunapiga picha na medali, alikuwa amekikunja na kukitia ndani ya soksi.

Siku 86

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti wa mwaka 2021, linataka mwanamke apate jibu kamili ndani ya siku 60 tangu alipoonwa na mhudumu wa afya kwa mara ya kwanza. Nimeihesabu safari ya Fundi kwa kipimo hicho, siku ya hema ikiwa sifuri.

Siku tisa za kwanza hazikuwa na kitu. Kundi letu la WhatsApp lilijaa picha. Siku ya kumi Mwalimu aliomba ruhusa kazini, akampeleka hospitali ya umma. Daktari aliuliza, "Mama, umekaa nao tangu lini?" Akapima, kama sentimita tatu, akaandikia mamogramu, yaani eksirei ya matiti, na ultrasaundi. Foleni ya mashine ilikuwa ya wiki nne. Siku ya 17 chama kilikutana, tukapitisha kofia, na siku ya 19 akapigwa picha zote mbili katika kituo cha binafsi katikati ya mji. Zilichukua saa moja. Zilionyesha uvimbe wa kutiliwa shaka.

Siku ya 26 akarudi hospitali, akapangiwa biopsi siku ya 40. Aliambiwa anunue sindano ya kutolea kipande cha nyama, akainunua duka la dawa. Kipande kilipotolewa, akapewa kichupa chenye formalini, dawa ya kuhifadhia kipande hicho, akipeleke mwenyewe maabara ya ng'ambo ya mji. Fundi alipanda matatu na titi lake kwenye kichupa ndani ya mfuko wa vitambaa. Hayo ni maneno yake, na aliyasema akicheka.

Siku ya 54 jibu: saratani. Lakini jibu lilikuwa nusu. Ili tiba ipangwe, madaktari wanahitaji kujua kama uvimbe una vipokezi vya homoni na vya HER2, protini inayoweza kukuza saratani, na kipimo hicho kililipiwa kando. Ilikuwa mapema Desemba. Vitambaa vya sare vimejaa kibandani, pesa za wateja amekwisha zinunulia kitambaa, na madeni ya vipimo yapo. Alinyamaza wiki mbili nzima. Tulipogundua, tukalipa, siku ya 68, na hapo Krismasi ikaingia. Jibu kamili lilitoka siku ya 86, Januari, shule zikifunguliwa.

Kati ya hizo siku 86, nimejaribu kuhesabu siku ambazo mtu mwenye ujuzi alikuwa anamshughulikia kwa mkono. Hazifiki saba. Zilizobaki ni za foleni, za kutafuta pesa, na za kunyamaza.

Uamuzi kuhusu zile 68,400

Kwenye kikao cha siku ya 17 pesa za mchango zilikuwa bado kwangu. Waandaaji walikuwa wameongeza muda wa kuziwasilisha. Mmoja wetu akasema jambo ambalo wote tulikuwa tunaliwaza: tumekusanya pesa za kumsaidia mwanamke mwenye saratani ya matiti, na mwanamke huyo amekaa hapa kwenye kiti cha plastiki. Kwa nini tuzipeleke kwingine halafu tuanze kuchangishana upya?

Tulibishana hadi usiku. Aliyekataa kabisa ni Mwalimu, na baada yake Fundi mwenyewe. Hoja ya Mwalimu ilikuwa kwamba waliotoa waliambiwa pesa zinakwenda kwa waandaaji wa mbio. Tukizigeuza hata kwa jambo jema, mwakani hakuna atakayetia sahihi kwenye kadi yetu, na watakuwa na haki. Fundi alisema hataki kutibiwa kwa pesa ambazo mtu anaweza kumuulizia sokoni.

Nikazipeleka zote, nikapewa stakabadhi. Kisha tukachanga upya. Picha na biopsi zilikula zaidi ya kilichokuwamo kwenye sanduku la chama, kwa sababu sanduku lilikuwa limekwisha lipa ada za mbio na matatu. Kuna siku nilikaa na daftari nikaona tumetumia shilingi 28,000 kwenda kukimbia, na tunahangaika kupata pesa za kipimo kimoja.

Matokeo

Fundi alikutwa katika hatua ya pili. Uvimbe ulikuwa na vipokezi vya homoni, HER2 haikuwapo. Kabla ya upasuaji tuligundua kwamba alijisajili SHA, bima ya afya ya serikali, lakini hakuwahi kulipa. Mtu aliyejiajiri hupimiwa uwezo wake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na alitakiwa kulipa mwaka mzima kwa mpigo. Chama kikamkopesha. Alifanyiwa upasuaji Februari, akaingia kemo, sasa yuko kwenye vidonge. Julai alirudi kwenye cherehani, saa mbili kwa siku. Mume alikuja kutoka bara akakaa mwezi na nusu, akapika. Kuhusu hilo Fundi ana hadithi ndefu ambazo si za hapa.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Mazoezi yalifanya kazi kuliko mbio. Uvimbe wa Fundi ulikuwa na miezi mitano. Katika miezi hiyo kulikuwa na mabango, redio, semina moja ya kanisani aliyohudhuria, na hakuna kilichomfungua mdomo. Kilichomfungua ni kukimbia bega kwa bega na mtu aliyepitia, bila kutazamana, akiwa anahema kiasi kwamba sentensi lazima iwe fupi. Nimeuliza wengine chamani tangu hapo, na watatu wameniambia kwamba walimwambia Mwalimu jambo la mwili wao wakiwa njiani. Hakuna aliyemwambia nyumbani kwake kwenye chai.

Uamuzi wa pesa nao ulikuwa sahihi, ingawa ulituumiza. Mwaka uliofuata waliotuchangia waliongezeka.

Uchambuzi: kilichokwama

Kosa letu kubwa ni kungoja hema. Wiki mbili peke yake si nyingi. Tatizo ni kwamba tulilipatia hema kazi isiyo yake. Kuna uchunguzi wa mtu asiye na dalili, na kuna utambuzi wa mtu mwenye dalili. Hema ni la yule wa kwanza, anayekuja hajui kama ana kitu. Aliyekwisha shika uvimbe kwa vidole vyake hana haja ya kuambiwa na mtu mwingine kwamba upo. Anahitaji picha na sindano, na hivyo haviko uwanjani. Kijikaratasi kilimpa Fundi ushauri ambao Mwalimu angeweza kumpa palepale Karura, njiani. Kibaya zaidi, kilimpa hisia kwamba amekwisha fanya jambo. "Nilikuwa nimepimwa," ananiambia. Ndiyo maana siku tisa zilipita.

Watu wa mtaani walipopata habari walimtupia Fundi methali, mficha maradhi kifo humuumbua. Sikuipenda. Tangu Karura hakuficha. Alisema, na sisi tukamwambia angoje.

Waandaaji nao wana lao. Hema linalogundua uvimbe bila kuandika jina wala simu haliwezi kujua kama limemsaidia yeyote. Mbio za mwanzo za namna hii zilifanyika Dallas, Marekani, mwaka 1983, na tangu hapo dunia nzima imeiga fulana, waridi na utepe. Vya kuiga hivyo ni rahisi. Kujipangia siku na kituo cha picha, kwamba Jumatatu hadi Ijumaa baada ya mbio wenye vijikaratasi watapokelewa, ni kazi ngumu, na haina picha nzuri.

Kosa la mwisho ni langu. Ile sentensi ya kwenye kadi ilikuwa ya kweli na haikusema kitu. Wanawake gani? Wasaidiwe nini? Ningeandika wazi, kikao cha siku ya 17 kisingehitajika.

Mwaka uliofuata

Tulikimbia tena. Fulana tulivaa zile za zamani. Kadi mpya ilisema nusu ya mchango inakwenda kwa waandaaji, na nusu inabaki kulipia picha na biopsi za wanawake wa mtaa wetu, hesabu ikibandikwa kibandani kwa Fundi kila mwezi. Tuliwaandikia waandaaji kuuliza mambo matatu: hema litatazama wapi, nani ataandika majina, na mwenye kijikaratasi aende wapi. Walijibu la kwanza. Hema lilitazama ukuta.

Anayejiunga na mazoezi huulizwa siku ya kwanza kama amelipa SHA, kabla ya kuulizwa ana viatu gani. Na Mwalimu ana daftari lake: jina, simu, siku aliyosema, siku ya picha, siku ya jibu. Mwaka huo majina yalikuwa matano. Wanne walipata jibu, wa haraka siku ya 12, wa mwisho siku ya 38. Wote wanne si saratani.

Wa tano amekataa kwenda. Kwenye safu yake kuna tarehe moja tu. Huja kila Jumamosi, hakosi, na Mwalimu hukimbia ubavuni mwake.